Chupa ya Pili ya Mzee Jovithe

Moshi ulipopanda kutoka kwenye kiatu cha Massoudi, mwenye mguu alikuwa wa mwisho kujua. Alikuwa ameinamia rejeta ya lori akilehemu mshono uliopasuka, na tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka lilikuwa limeteleza pembeni, likapenya katika kanda za makatambuga yake, likatua juu ya kidole gumba. Mteja aliyeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa ndiye aliyeruka.

"Muzee Massoudi! Mguu unaungua!"

"Mguu wa nani?" akauliza Massoudi bila kuinua macho.

Ndipo harufu ilipomfikia, akatazama chini. Risasi ilikuwa imekwisha kuganda juu ya ngozi, imeng'aa kama pete, na pembeni mwake nyama ilikuwa nyeupe. Alisubiri maumivu yaje, kama mtu asubiriye mgeni aliyemwona kwa mbali. Hayakuja. Akaibandua risasi kwa koleo, ngozi ikatoka nayo, na bado hayakuja. Mteja alikuwa amefumba macho. Massoudi alicheka ili kumtuliza, lakini koleo aliliweka chini, asilishike tena siku ile, kwa maana mtu anayelia motoni yu hai, ila yule asiyesikia moto unapomla, huyo ana haki ya kuogopa.

Massoudi alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, mwana wa fundi na mjukuu wa fundi, na kazi yake ilikuwa rejeta. Katika miaka ile ambayo mji wa Bujumbura ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, na mtu akipona au akifa kwa sababu ya barabara anayolala, rejeta haikuwa na kabila. Magari ya watu wa Kinindo yalimjia, na ya wachuuzi wa Nyakabiga, na hata ya askari. Injini ikichemka haimuulizi mwenyewe ametoka wapi. Kwa sababu hiyo Massoudi alipita mahali ambapo wengine hawakupita, akasalimiwa kwenye vizuizi ambavyo wengine walivikwepa, naye akamshukuru Mola kwa riziki iliyokuwa pia ngao.

Mke wake Zubeda alikiona kidole jioni ile. Asubuhi yake alimshika mkono kama mtoto, akampeleka Bwiza, kwenye zahanati ndogo alikofanya kazi muuguzi mmoja mwenye sauti ya upole na maneno makali, jina lake Daphrose. Daphrose alichovya kijikaratasi katika mkojo wa Massoudi na rangi yake ikageuka kahawia. Kisha alimfunga macho kwa kitambaa, akagusa nyayo zake kwa ncha ya kalamu, hapa na pale.

"Niambie nikikugusa."

"Anza basi," akasema Massoudi.

"Nimemaliza, muzee."

Akamwondolea kitambaa na kumweleza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, si wa jana wala wa juzi. Ulikuwa umekaa mwilini miaka, ukila mishipa ya miguu kimyakimya kama mchwa alavyo mlango. Vidonge vilikuwepo siku ile; kesho, hakujua. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo na majirani zake, mipaka imefungwa, na dawa zilipita njia za panya pamoja na petroli. Insulini ikifika ilifika kwa bei ya dhahabu, na mara nyingine ilikuwa imepikwa na jua njiani, ukajidunga maji matupu.

"Kidonda hiki kikioza, tutaukata mguu," Daphrose akasema. "Kuukata ni ghali kuliko kuutibu, na kuutibu ni ghali kuliko kuulinda. Na ulinzi wake unaanzia kwenye sahani, muzee. Vidonge utakunywa, usiviache hata siku moja. Lakini ukiviachia vidonge kazi yote, vitashindwa, na mfuko wako utashindwa kabla yao."

Massoudi hakusikia kuhusu mfuko. Alikuwa amesikia neno "tutaukata", na mawazo yake yalikuwa yamekwenda kwenye pembe moja ya barabara huko huko Bwiza. Siku moja ya machafuko, watu wakikimbia na magodoro vichwani, alimwona mshona nguo mmoja kiwete akijivuta nyuma ya wote kwa magongo yake. Kila mtu alimpita. Massoudi naye alimpita. Aliporudi kupita pale, magongo yalikuwa yamelala peke yake katikati ya njia, moja limevuka juu ya jingine. Katika mji ule, asiyeweza kukimbia alikuwa maiti ambaye siku yake bado haijatajwa.

Tangu siku hiyo, jiko la Zubeda lilibadilika. Wenye elimu ya tiba wa zamani walisema kuwa tumbo ni nyumba ya maradhi, na Zubeda, ambaye hakuwahi kuwasikia, alilifagia tumbo la mumewe kama afagiavyo ua. Sukari ilitoka kwenye chai, ile chai ya rangi ambayo Massoudi aliipenda nzito hata kijiko kisimame. Maandazi yakafuata. Wali ukawa wa sikukuu tu, nao kidogo. Ugali wa muhogo, uliozoea kuwekwa mbele yake kama kilima, ukapunguzwa, kwa maana Daphrose alikuwa amempimia kwa mkono: "Ngumi yako, muzee, si kichwa chako." Mahali palipobaki wazi kwenye sahani pakajazwa maharage, mboga za lengalenga, bilinganya chungu, na ndagala wa ziwani waliokaushwa. Na kwa kuwa vikwazo vilikuwa vimeipandisha sukari na mchele juu ya uwezo wa wengi, chakula cha dawa kikawa ndicho chakula cha maskini.

"Zubeda," Massoudi alinung'unika, "mi ni mume wako ama mbuzi wako? Majani asubuhi, majani jioni."

"Mbuzi ana miguu mine," akajibu Zubeda, "na yote mizima. We hesabu yako."

Kila magharibi alimketisha kwenye mkeka, akamvua makatambuga, akamshika mguu mmoja kisha mwingine, akazisoma nyayo zake kwa mwanga wa mlangoni, akitafuta mchubuko ambao mwenyewe asingeusikia. Kidonda kilipungua polepole. Baada ya msimu mmoja wa mvua Daphrose alipima tena, akapunguza vidonge, na Massoudi akaona kuwa fedha alizokuwa akizipeleka kwenye duka la dawa zilianza kubaki nyumbani.

Ila kulikuwa na jambo moja alilokataa, nalo ndilo lililokaribia kumwua. Alikataa mtu yeyote ajue.

Alikuwa amekonda. Na katika miaka ile, mtu mzima aliyekonda alikuwa na jina moja tu la ugonjwa vinywani mwa watu, na jina hilo halikuwa sukari. Aliona macho ya wateja yakipima shingo yake ndani ya kola. "Wakijua mi ni mugonjwa," alimwambia Zubeda, "watasema ni ule. Nani ataniletea gari?" Basi akajifunza hila. Kwenye maulidi alikaa kwenye sinia la walaji wenye kasi, akachezesha vidole katika pilau bila kupeleka kitu mdomoni. Msibani alipewa chai, akaihamisha kutoka kikombe hiki hadi kile mpaka mtoto fulani akainywa. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Massoudi alilijua neno hilo na aliwahi kuwaambia wengine.

Hila hizo zilitosha Buyenzi. Lakini Burundi kuna jambo ambalo halichezewi, nalo ni kinywaji cha mwenyeji. Watu wa nchi ile huogopa sumu kuliko risasi, kwa kuwa risasi hupiga kelele. Ndiyo maana chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, si jikoni. Ndiyo maana mwenyeji huonja kwanza, kisha hukupa. Akishaonja, kukataa si adabu mbaya tu. Ni kusema mbele ya watu: naujua moyo wako. Na vita vilipokuja, desturi hiyo iliota meno.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na nane, Télesphore wa Nyakabiga, karani wa forodha ambaye Massoudi alikuwa amemtengenezea gari tangu ujana wao, alimwalika kwenye sherehe ya mahari ya binti yake. Kutokwenda kungekuwa tusi. Massoudi alivaa kanzu na koti, akapita kwenye kizuizi cha mtaa, akaketishwa ndani ya ua chini ya turubai, kando ya Mzee Jovithe, mjomba wa Télesphore, mwenye kofia ya kukingia mvua katikati ya kiangazi na utani usioisha.

"We mwislamu, sisi wawili ni watu wa soda," Mzee Jovithe akamwambia. "We unakatazwa pombe na dini, mi na tumbo. Lakini soda, ee! Kiu yangu siku hizi ni ya ngamia. Nakunywa, nakwenda haja ndogo, narudi, nakunywa. Muke wangu anasema nimegeuka mufereji."

Massoudi alicheka na wenzake, kisha akaacha. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake mwenyewe, ya mwaka uliopita. Alitaka kumwambia mzee aende kwa Daphrose. Lakini kuutaja ugonjwa wa mwenzake kungekuwa kuutaja wake, mbele ya meza nzima. Akageuka, akapiga makofi na wenzake ng'ombe wa mahari alipopitishwa uani.

Nyama Massoudi hakuigusa, kwa kuwa hakujua aliyeichinja. Soda zikaja. Aliyezigawa alikuwa Xavier, mpwa wa Dative mke wa Télesphore, kijana mrefu aliyekuwa mkuu wa kizuizi cha mtaa ule. Alifungua chupa ya soda ya machungwa mbele ya Massoudi, akamimina tone kiganjani, akalilamba, akampa. Massoudi alishukuru, akaishika. Alisubiri Xavier ageuke. Kisha akaisukuma taratibu juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa jirani yake.

"Babu, nisaidie. Mi tumbo limejaa."

"Mungu akulipe!" akasema Mzee Jovithe, akaimaliza kwa pumzi moja. Na Massoudi alipoinua macho, alikuta macho ya Xavier.

Hazikupita siku nyingi, mteja mmoja wa Nyakabiga akaja kuchukua rejeta yake, nayo haijaisha. Hakueleza. Mwingine alituma mtu. Kisha, saa ya adhuhuri, mafundi wengine wakiwa msikitini, Dative mwenyewe aliingia kibandani, kitenge kimemfunika hadi puani, akakaa juu ya ile ndoo.

"Baba Massoudi, mume wangu hajui kama niko hapa. Uondoke. Leo. Ujifiche popote, lakini usilale kwako."

"Nimefanya nini, mama?"

"Mzee Jovithe anakufa. Vijana wanasema ni chupa uliyomupa. Xavier alikuona: hukugusa kinywaji, hukugusa nyama, ukamupa muzee chupa yako kwa mkono wako. Wanasema ulikuwa unajua kilichokuwa ndani, ama ulikitia we mwenyewe."

Massoudi alitazama nje ya kibanda. Kuondoka aende wapi? Ng'ambo ya mpaka napo palikuwa panawaka. Na kwa mguu gani? Kisha akauliza swali ambalo Dative hakulitarajia.

"Anakufaje?"

"Sumu. Kiu, kiu, anakunywa kama muchanga. Anakojoa palepale. Jana alitapika. Leo amelala tu, ukimuita haitiki, anahema kama aliyekimbia. Na pumzi yake inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, nyumba nzima, na pombe hajaonja."

"Mumempa dawa gani?"

"Maziwa, ya kuondoa sumu. Na sukari nyingi ndani, apate nguvu. Tunamufungua mudomo na kijiko."

Massoudi alisimama. Hofu mbili zilimshika pande mbili, kila moja ikivuta. Akikimbia, mzee angekufa kwa kijiko cha wanaompenda, na yeye angebaki muuaji katika vinywa vya Nyakabiga maisha yake yote, na Zubeda angebaki mke wa muuaji katika nyumba isiyo na mlango wa chuma. Akienda, huenda asingefika hata uani. Aliyatazama makatambuga yake. Akasema Bismillahi, akafunga kibanda.

Zahanatini Bwiza, Daphrose alimsikiliza akiwa amesimama. "Nyakabiga?" akauliza. "Leo?" Alitazama dirishani, kisha akachukua mkoba wake. "Ukiwa umekosea, muzee, tutazikwa pamoja na mi sijaandaa nguo."

Kizuizi kilikuwa gogo, mawe, na mfupa wa friji ya zamani. Xavier alikuwa amelikalia gogo. Kiunoni alikuwa na guruneti, limening'inia bila haya, kama mtu aliyetoka sokoni na parachichi moja.

"Fundi," akasema kwa upole. "Tulikuwa tunakuja kwako. Umetupunguzia safari."

"Nimeleta muuguzi, amuone muzee."

"Muuguzi ama mwenzako wa kazi?"

Wenzake wawili walicheka. Daphrose hakungoja. "Kijana," akasema, "muzee wenu akifa wakati mi nimesimama hapa kwenye jua, utawaeleza wazee wa ukoo kwamba ulikuwa unanihoji." Xavier alimtazama, akalivuta gogo kwa mguu.

Ndani ya chumba harufu ile ilikuwa nzito hata ukaweza kuilamba. Mzee Jovithe alilala bila kofia, na bila kofia alionekana mtu mwingine, mdogo, aliyekwisha. Télesphore alikuwa ameketi kitandani na kijiko mkononi. Alipomwona Massoudi hakusalimu. Daphrose alikichukua kijiko kile, akakiweka mbali. Akainusa pumzi ya mgonjwa, akabana ngozi ya mkono wake, nayo ikabaki imesimama. Kisha akachovya kijikaratasi kwenye beseni lililokuwa chini ya kitanda. Kilikuwa samawati. Kikawa kijani, na kabla mtu hajavuta pumzi ya pili, kikawa kahawia kama majani ya chai.

"Si sumu," akasema. "Ni sukari. Damu yake imejaa sukari, na nyinyi mnamwongezea kwa kijiko. Mpelekeni hospitali sasa hivi, adungwe insulini na awekewe maji. Sasa hivi."

"Na huyu alijuaje?" akauliza Xavier kutoka mlangoni, akimwelekezea Massoudi kidole.

Massoudi alisogea mbele. Maneno aliyoyazuia mwaka mzima yalitoka kama kitu kilichooza. "Kwa sababu nami ninao. Ndiyo maana sikunywa soda yako. Niliona haya kusema."

"Sawa. Apimwe."

Akapewa kikombe, akaenda nyuma ya nyumba na kijana mmoja akimsimamia mgongoni, na hofu ilimbana hata mwili ukachelewa kutii. "Fundi, na rejeta yako imeziba?" kijana akamtania, na wenzake wakacheka kicheko ambacho hakikumfariji. Hatimaye akarudi. Daphrose akachovya. Wote wakainama juu ya kijikaratasi.

Kilikuwa samawati. Kikabaki samawati.

Hapo ndipo Massoudi alipoiona mauti yake kwa karibu. Miezi ya maharage na majani, ngumi moja ya ugali, chai chungu kila alfajiri, vidonge bila kukosa, vyote vilikuwa vimeitoa sukari katika mkojo wake kama fundi azibaye tundu. Na sasa hakuwa na ushahidi.

"Muongo," akasema Xavier. Hakupaza sauti. Mkono wake ulikuwa umeshuka kiunoni. "Mzima huyu. Mzima kuliko mi."

"Anakula vizuri!" Daphrose akasema kwa haraka. "Anakula vizuri, ndiyo sababu! Hiyo karatasi haisemi hana ugonjwa, inasema anaushika—"

"Inasema anadanganya."

Massoudi aliketi kwenye sakafu. Akavua katambuga la kulia, akaunyoosha mguu mbele yao, na kovu la ile risasi ya kulehemu likaonekana kidoleni, jekundu, limezama. "Muuguzi," akasema, "muazime sindano yako."

"Muzee, apana. Mguu huu hauchezewi."

"Muazime."

Xavier aliichukua sindano. Alichutama, akamtazama Massoudi machoni, kama atazamavyo mtu anayemjua mwongo kwa kope zake. Akachoma wayo. Kope hazikutikisika. Akachoma tena, zaidi, mpaka tone la damu likatoka, na Massoudi akauliza kwa sauti ndogo, "Umeanza?"

Kijana alirudi nyuma kwa ghafla, sindano imemponyoka. Alikuwa ameona wafu wengi kwa umri wake, lakini mguu wa mtu aliye hai, wenye damu yenye joto, ambao mwenyewe hayumo ndani yake, huo alikuwa hajauona. Aliugusa wayo ule kwa kidole kimoja, kama augusaye mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Anakufa kutoka chini," akanong'ona.

"Hafi," akasema Daphrose, akiifuta damu kwa dawa. "Ndiyo hiyo kazi ya majani. Sasa utoe lile gogo, gari lipite."

Télesphore alimbeba mjomba wake mikononi. Mlangoni alisimama, akamgeukia Massoudi, na mwonekano wa uso wake haukuwa wa urafiki wala wa uadui. "We utabaki," akasema. "Si mi ninayesema. Ni hali."

Basi Massoudi alibaki jikoni kwa Dative, juu ya kigoda, kati ya mafiga na gunia la makaa, na Xavier na mwenzake mlangoni. Hakuna aliyemwambia lililokuwa wazi: mzee akipona atakwenda zake, na akifa, karatasi na sindano havitafufua mtu. Alisali adhuhuri yake kwa kuchelewa, kisha alasiri, pale pale kando ya mafiga. Alimwomba Mola mambo mengi, na katikati ya dua alijikuta akimuomba Jovithe msamaha. Kama angesema neno moja pale mezani, kwa utani tu, mzee asingefika hapa. Alifikiri kuhusu Zubeda, ambaye jua likishuka angetandika mkeka na kungoja miguu miwili.

Kila gari lililopita nje lilimnyanyua moyo na kuuangusha. Lililosimama hatimaye lilikuwa la Télesphore. Aliutambua mlio wa feni yake.

Télesphore aliingia jikoni bila koti. Alikuwa amechoka hata akakaa juu ya gunia la makaa na suruali yake ya ofisini.

"Amefungua macho," akasema.

Massoudi aliinuka kutoka kigodani.

"Amefungua macho, akauliza kofia yake iko wapi. Kisha akaomba soda." Télesphore akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa mkono mweusi wa makaa. "Ng'ombe wa mahari nimemuuza, Massoudi. Yule yule tuliyempigia makofi. Insulini ya juma moja na kitanda, ng'ombe amekwisha. Daktari anasema atahitaji nyingine, na nyingine, isipokuwa tumlishe vingine. Sina ng'ombe wengine."

"Mumlishe kama ninavyolishwa mi," akasema Massoudi. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. "Nitamtuma Zubeda kwa Dative. Atawafundisha. Lakini muzee atakutukana, uwe tayari."

Dative alipakua maharage yaliyokuwa mekoni, na lengalenga, na kipande cha ugali. Aliviweka mbele ya Massoudi, na wote wakasita, kwa kuwa desturi ilikuwa imesimama pale kati yao kama mtu wa sita. Ndipo Xavier alipotoka mlangoni. Alichutama, akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akala, akameza, akakaa kidogo. Kisha akasukuma sahani.

"Kula, muzee. Ni ngumi moja tu, nimeipima."

Massoudi alikula. Chakula hakikuwa na ladha kinywani mwake, maana hofu huua ladha kabla ya yote. Lakini alikula mpaka sahani ikawa safi, na macho yote yakamtazama akimeza.

Jua lilikuwa linashuka alipolipita gogo. Daphrose alibaki na mgonjwa. Massoudi alitembea peke yake, hakugeuka nyuma, na alikuwa amefika Bwiza milio ya bunduki ilipoanza upande wa Mutanga Nord, kwanza michache, kisha mingi, kisha ule mshindo unaotikisa mabati. Barabara nzima ikaamka. Wanawake wakaacha mabeseni, milango ikagongwa, na watu wakaanza kukimbia kuelekea chini, kila mmoja akimpita mwenzake. Massoudi aliishika kanzu yake, akakimbia nao. Alipita ile pembe ya barabara. Hakukuwa na magongo pale siku ile, lakini aliyaona. Chini yake nyayo zilipiga ardhi bila habari, kama nyayo za mtu mwingine aliyemwazima, hakujua kama amekanyaga mchanga au chupa iliyovunjika, na hilo lilimwogopesha kuliko milio. Lakini miguu ilikuwa miwili, na ilikuwa inakimbia.

Zubeda alikuwa amesimama mlangoni. Alimvuta ndani, akafunga komeo, akaburuta kabati nyuma ya mlango. Nje mabati yalikuwa yakitetemeka. Hakumwuliza alikotoka wala alichoponea. Alimketisha kwenye mkeka, akawasha kibatari, akauinamia ule mguu wa kulia, akaona tundu la sindano, na chini yake mkato mpya wenye mchanga na damu, mrefu kama kidole.

"Hapa unasikia?" akauliza.

"Apana."

"Na hapa?"

Massoudi aliegemeza kichwa ukutani, akasikiliza milio ikikaribia au ikienda mbali, hakuweza kujua.

"Tafuta tu," akasema. "Usiache mahali."

Naye Zubeda akachukua maji ya chumvi na kitambaa safi, akaendelea kuusoma wayo, pole pole, kuanzia kisigino.